Pima Kifua Kabla ya Kuvuta Dawa

Somo kwa wafugaji wa Handeni na Korogwe



Ng'ombe wako amebaki nyuma ya kundi. Tezi chini ya sikio zimevimba, mwili una joto, anapumua kwa shida. Ni dalili za ndigana kali. Kijana amepanda pikipiki hadi duka la dawa za mifugo, naye amerudi na chupa ndogo iliyogharimu fedha nyingi. Sasa mmesimama zizini na bomba la sindano mkononi. Swali la kwanza si "nimchome wapi?" Swali la kwanza ni "ana kilo ngapi?"

Wengi wetu hujibu kwa jicho. Jicho la mfugaji ni zuri sana kwa kumjua mnyama aliyepotea, mwenye mimba au aliyeanza kuumwa. Kwa kilo, hata jicho la mzee aliyechunga miaka hamsini hukosea, hasa pale kundi lote limekonda wakati wa kiangazi. Somo hili linafundisha namna ya kupata uzito wa ng'ombe kwa kamba au futi tu, bila mizani. Linaeleza pia kwa nini watafiti wanaokuja bomani hupima kifua, kimo na urefu wa mifugo yetu.

KWA NINI UZITO NI JAMBO LA KUFA NA KUPONA

Dawa nyingi za mifugo hupimwa kwa kilo za mnyama. Tazama kibandiko cha chupa. Dawa nyingi za ndigana kali zenye buparvakwoni huelekeza mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito.

Tuseme ng'ombe wako kwa jicho ni kilo 150. Utavuta mililita 7 na nusu. Lakini kama kweli ana kilo 204, alihitaji mililita 10 na kidogo. Umempunguzia zaidi ya robo ya dawa. Huenda akasimama siku mbili kisha akaanguka tena. Fedha imekwenda, na ng'ombe naye anaweza kwenda.

Hasara ya pili haionekani siku hiyo. Dawa pungufu huua vijidudu dhaifu na kuwaacha wenye nguvu. Hao wenye nguvu ndio wanaozaliana. Baada ya muda dawa ile ile haifanyi kazi tena, si kwako tu, bali kwa majirani wote mnaoshirikiana malisho na lambo. Huo ndio usugu wa dawa. Huweza kutokea kwa dawa za nagana, za minyoo na hata za kuua kupe.

Kuzidisha nako kuna hatari. Dawa ya minyoo aina ya levamisoli, kwa mfano, ikizidi sana huweza kumtia mbuzi mtetemeko na kumuua. Kwa hiyo usiseme "nitaongeza kidogo ili niwe na uhakika." Uhakika unatokana na kipimo.

VIFAA

Unahitaji kimojawapo cha hivi:

1. Futi ya fundi cherehani. Ina sentimita (sm) 150, inatosha ndama, mitamba na ng'ombe wengi wa kienyeji.

2. Kamba ya katani, ambayo haikosekani huku kwetu. Zungusha kamba kifuani, shika kwa vidole pale inapokutana, kisha ilaze juu ya futi au rula usome sentimita. Njia hii inafaa kwa fahali na maksai ambao futi haiwatoshi. Usitumie mpira wala kitambaa kinachovutika, kwani kitakudanganya.

Uwe pia na daftari na kalamu. Kipimo kisichoandikwa husahaulika kabla ya jioni.

NAMNA YA KUPIMA

Kipimo chetu kinaitwa mzingo wa kifua.

1. Pima asubuhi, kabla kundi halijaenda malishoni wala kunywa maji.

2. Mfunge mnyama au mwingize kwenye kibanio cha josho. Asimame mahali tambarare, miguu minne ikiwa sawa, kichwa kikitazama mbele. Akiinamisha kichwa au akitanguliza mguu mmoja, kifua hubadilika umbo na kipimo hukosea.

3. Pitisha futi nyuma tu ya miguu ya mbele, chini ya kifua, kisha juu nyuma ya nundu. Isipande juu ya nundu. Kupanda nundu ni kosa kubwa kwa ng'ombe wetu, maana kunaongeza sentimita ambazo si za kifua.

4. Futi iguse ngozi pande zote bila kulegea na bila kubana. Isome wakati mnyama ametulia.

5. Rudia mara tatu. Kama umepata 138, 140 na 141, andika 140, yaani kile cha katikati. Kama vipimo vimepishana sana, mnyama hakusimama vizuri. Anza upya.

Mtu mmoja ashike kichwa, mwingine apime, wa tatu aandike. Kazi hii haihitaji nguvu nyingi. Mama anayekamua na watoto wanaolisha ndama mara nyingi hupima vizuri zaidi, kwa sababu mnyama amewazoea.

KUTOKA SENTIMITA HADI KILO

Kati ya mwaka 2007 na 2010, watafiti waliwafuatilia ndama zaidi ya 500 wa zebu wa pembe fupi huko Busia, magharibi mwa Kenya, tangu kuzaliwa hadi kufikia karibu mwaka mmoja. Waliwapima kifua na kuwapima kwenye mizani, kisha wakaongeza vipimo vya ng'ombe wa minadani. Kutokana na vipimo hivyo walipata hesabu inayotoa kilo kutoka kwenye mzingo wa kifua peke yake. Jedwali hili limetokana na hesabu hiyo:

Kifua sm 60 – kilo 23
Kifua sm 70 – kilo 33
Kifua sm 80 – kilo 45
Kifua sm 90 – kilo 61
Kifua sm 100 – kilo 80
Kifua sm 110 – kilo 103
Kifua sm 120 – kilo 131
Kifua sm 130 – kilo 165
Kifua sm 140 – kilo 204
Kifua sm 150 – kilo 250
Kifua sm 160 – kilo 303

Kipimo kikiangukia katikati, gawanya tofauti. Mfano: kifua ni sm 136. Kutoka 130 hadi 140 uzito huongezeka kilo 39, yaani karibu kilo 4 kwa kila sentimita. Sentimita 6 ni kilo 23 hivi. Jumlisha na 165, utapata kilo 188. Mtoto anayesoma shule ya msingi anaweza kukufanyia hesabu hii.

Angalia jambo moja katika jedwali. Kutoka sm 60 hadi 70 uzito unaongezeka kilo 10 tu, lakini kutoka sm 150 hadi 160 unaongezeka kilo 53. Kwa ng'ombe mkubwa, kosa dogo la futi ni kosa kubwa la kilo. Kadiri mnyama alivyo mkubwa, ndivyo unavyopaswa kupima kwa uangalifu zaidi.

MIPAKA YA JEDWALI

Jedwali si mizani. Kwa ng'ombe wengi, kosa lake halizidi asilimia 20. Ng'ombe anayesomeka kilo 200 anaweza kuwa chini au juu ya hapo, lakini bado hesabu hiyo inakubalika kwa kupima dawa, na mara nyingi ni bora kuliko jicho.

Usilitumie kwa hawa:

– Ng'ombe wa maziwa wa kigeni na chotara wao, ambao wengine wanafuga huku Korogwe. Umbo lao ni tofauti. Vivyo hivyo, utepe uliochapishwa kilo kwa ajili ya ng'ombe wa Ulaya unaweza kukudanganya ukiuzungusha kwa zebu.
– Ng'ombe mwenye mimba kubwa. Mwulize mtaalamu wa mifugo.
– Mbuzi, kondoo na punda. Mbuzi na kondoo unaweza kuwapima kwa mizani ya kuning'iniza, mnyama akiwa ndani ya kiroba imara, kichwa kikiwa nje. Ukiwa na mizani ya kusimama juu yake, jipime mwenyewe kwanza, kisha jipime ukiwa umembeba mbuzi. Tofauti ndiyo uzito wake.

Ukinywesha kundi zima la mbuzi dawa ya minyoo, usichukue kipimo kimoja kwa wote. Watenge wadogo, wa kati na wakubwa, umpime yule mzito katika kila fungu, halafu umwulize mtaalamu kiasi cha kila fungu.

FAIDA NYINGINE ZA FUTI

Futi hutoa habari kabla ya jicho. Ndama aliyekuwa na kifua cha sm 80 mwanzoni mwa kiangazi akirudi sm 75, amepoteza karibu kilo 6 au 7 kati ya kilo zake 45. Manyoya huficha hasara hiyo. Pima ndama na mitamba mara moja kwa mwezi. Kifua kikianza kupungua, huo ni wakati wa kumwachia ndama maziwa zaidi, kuchunguza minyoo, au kuuza mmoja mapema kabla hajakonda kwa bei ya hasara.

Futi husaidia pia mnadani. Mnunuzi mzoefu hukadiria nyama moyoni kabla hajataja bei. Nyama ya zebu aliyechinjwa huwa karibu nusu ya uzito wake akiwa hai, mara nyingine pungufu kidogo. Mfugaji anayejua kuwa maksai wake ana kilo 250 anaweza kufanya hesabu hiyo hiyo kabla ya kukubali bei.

WATAFITI WAKIJA BOMANI

Siku moja wanaweza kuja watu wenye futi, fimbo ya kupimia kimo na makaratasi, kama vile wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, au wa Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI), kituo cha Tanga. Watapima mzingo wa kifua, urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, kimo, urefu wa pembe, masikio na mkia. Watafungua mdomo kutazama meno. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo umri husomwa kwa meno ya chini: jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutokea akiwa na miaka miwili hivi.

Kwa nini wanapima yote hayo? Zebu wa pembe fupi wa Tanzania si wa aina moja. Wapo zebu wa Kimaasai, Weupe wa Singida, Wekundu wa Iringa, wa Mbulu, wa Tarime na wengine. Maumbo yao hutofautiana. Jedwali ulilosoma hapo juu limetokana na ng'ombe wa Busia. Linatusaidia, lakini jedwali lililotokana na ng'ombe wa Mkata, Kwamsisi na bonde la Mkomazi lingetufaa zaidi. Haliwezi kupatikana bila ng'ombe wetu kupimwa.

Wapo wazee wasiopenda mgeni ahesabu mifugo. Mfugaji huwajua ng'ombe wake kwa rangi na ukoo, na kutaja idadi mbele ya watu huonekana kuita mabaya. Wengine huogopa kwamba idadi itatumika kwa jambo lingine. Hofu hizo zina sababu. Lakini kupima umbo si kuhesabu kundi. Unaweza kutoa ng'ombe watano wapimwe bila kutaja waliobaki.

Kabla ya kukubali, uliza:

1. Mnatoka taasisi gani, na kibali na barua ya halmashauri viko wapi? Serikali ya kijiji na afisa mifugo wanajua?
2. Mtapima nini, na mtachukua damu au hapana?
3. Majina yetu na idadi ya mifugo yetu ataviona nani?
4. Matokeo yatarudi lini, na yatasomwa kwa lugha gani?

Wakishaanza, waache wapime kwa utaratibu wao, wala usiwaambie kilo za kufurahisha. Taja umri na magonjwa kama unavyojua. Kipimo cha uongo leo kitakuwa dozi ya uongo kesho, kwa ng'ombe wa mtoto wako.

ZOEZI LA WIKI HII

1. Chagueni ng'ombe mmoja mzima wa kienyeji asiye na mimba. Kila mtu wa boma akadirie kilo zake kwa jicho na kuandika bila kuonyesha wenzake.
2. Mpimeni kifua mara tatu, kisha msome jedwali. Nani amekaribia? Wangapi walikadiria pungufu?
3. Tafuteni kibandiko cha dawa mliyonayo. Ng'ombe huyo angehitaji mililita ngapi?
4. Fungueni daftari: rangi au jina la ng'ombe, namba ya hereni kama anayo, tarehe, sentimita, kilo.

Siku ugonjwa utakapoingia zizini, mchukue daftari hilo uende nalo kwa mtaalamu wa mifugo wa kata yako. Mwambie, "Ng'ombe huyu ana kifua cha sentimita mia moja arobaini." Hapo mtaanza matibabu mkiwa na kipimo, na dawa uliyoinunua kwa jasho itapata nafasi ya kufanya kazi yake.