Ukienda kwa Mshauri Nasaha, Utakutana na Nini?

Wakazi wengi huogopa kumwona mshauri nasaha kwa sababu mbili: kudhaniwa kuwa wana wazimu, na kuzisikia siri zao sokoni. Ni vyema kujua kinachofanyika humo ndani.

Kikao huwa cha watu wawili, kwa kawaida kwa muda usiozidi saa moja. Kwanza mshauri hueleza kanuni ya usiri: unayosema hayatoki nje, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Kisha huuliza kuhusu usingizi, hamu ya chakula, kazi na watu wa nyumbani. Kazi yake si kukuhukumu wala kukuamulia. Hukusaidia kulielewa tatizo na kuchagua hatua moja ndogo ya kujaribu kabla ya kikao kijacho. Nafuu huja polepole, hivyo usikate tamaa baada ya siku ya kwanza.

Uende lini? Ikiwa huzuni, au kutofurahia mambo uliyoyapenda, kumedumu karibu kila siku kwa wiki 2, usingoje zaidi. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe au zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii mtaani mwako. Wenye dalili nzito huelekezwa kwa daktari, kwani baadhi yao huhitaji dawa pamoja na mazungumzo.

Ukijiwa na mawazo ya kujiua, usibaki peke yako. Mwambie mtu unayemwamini, na upige simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199.