Kuainisha Virusi vya Rota

Mwaka 1973, mjini Melbourne, Australia, Ruth Bishop na wenzake walichunguza kwa hadubini ya elektroni utando wa utumbo wa watoto waliokuwa wakiharisha vikali. Ndani ya chembe hai za utando huo waliona virusi vya mviringo. Mwaka uliofuata, Flewett wa Uingereza alipendekeza viitwe rota, yaani gurudumu kwa Kilatini.

Umbo hilo halitofautishi virusi vya mtoto na vya ndama. Uainishaji hauna budi kutegemea protini na jeni. Kirusi kina matabaka matatu ya protini. Tabaka la kati, VP6, hutenganisha makundi makubwa. Kundi A ndilo lisababishalo sehemu kubwa ya maradhi kwa watoto. Tabaka la nje lina VP7, protini iliyoambatana na sukari, ambayo huamua aina ya G. Juu yake huchomoza miiba ya VP4, ambayo hukatwa na kimeng'enya cha tripsini. Hiyo huamua aina ya P. Hivyo hupatikana majina kama G1P[8] na G2P[4]. Mabano ya mraba si pambo. Aina za P zilizotambuliwa kwa kingamwili na zile zilizotambuliwa kwa jeni zilipewa namba mbalimbali zisizolingana, na mabano huonyesha kuwa namba iliyotajwa ni ya jeni.

Lakini jeni za kirusi hiki ni vipande 11 vya RNA yenye nyuzi mbili. Vikisukumwa kwa umeme ndani ya jeli, vipande vidogo hutangulia na vikubwa hukawia. Kwa kundi A, mistari hujipanga kwa mafungu ya 4, 2, 3 na 2. Hapa ndipo penye uzito wa somo: virusi viwili vikiingia katika chembe hai moja, vizalia vyao vyaweza kubeba vipande kutoka pande zote mbili, kama karata za wachezaji wawili zilizochanganywa. Jina la herufi mbili hueleza vipande viwili tu. Tisa vilivyobaki havisemwi.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2008 ulipendekezwa utaratibu wa kutaja jeni zote 11. Virusi vingi vya binadamu huangukia koo mbili: ule wa Wa, ambao jeni zake za ndani ni za aina ya 1, na ule wa DS-1, wenye aina ya 2.

Jambo hili lagusa chanjo. Rotarix ilitokana na kirusi kimoja cha G1P[8]. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010, ilizuia asilimia 76.9 ya maradhi makali Afrika Kusini, na 49.4 Malawi. Ni rahisi mno kulaumu tofauti za aina peke yake, maana kinga ilionekana hata dhidi ya aina zisizofanana na chanjo. Hata hivyo ufuatiliaji wahitajika. Japani mwaka 2012, na Malawi baada ya chanjo kuanza huko mwaka huohuo, vilipatikana virusi vyenye G1P[8] kwa nje na jeni za DS-1 kwa ndani. Maabara ipimayo G na P pekee ingeviandika kuwa vya kawaida.