SANAMU YA FUNDI CHEREHANI

Wanachama wenzangu, nikiwaambia mnitajie sanamu tatu za Nairobi, majibu nayajua. Mzee Jomo Kenyatta ameketi pale KICC tangu 1973. Dedan Kimathi amesimama na bunduki yake tangu 2007. Tom Mboya naye alipata yake mwaka 2011. Walistahili, hakuna ubishi. Lakini je, mmewahi kuona sanamu ya fundi wa nguo, kama yule anayeketi barazani akitushonea sare za shule?

Naam, ipo. Iko mbali, New York, kando ya Barabara ya Saba, katika mtaa uitwao Garment District, yaani mtaa wa nguo. Iliwekwa mwaka 1984, kazi ya mama mmoja mchongaji, Judith Weller. Inaonyesha mzee wa Kiyahudi aliyevaa kofia ya dini yake, ameinamia cherehani ya mkono. Mfano wake ni baba mzazi wa mchongaji, ambaye alikuwa fundi wa nguo. Hainui mkono kuhutubia, wala hatazami wapita njia. Anatazama mshono. Viongozi wengi wa shaba hutazama mbali, kana kwamba kuna kitu ng'ambo ya mji; huyu ana kazi mbele yake.

Nimesema "mchongaji", na hapa tusimame kidogo kwa ajili ya msamiati. Kuchonga ni kupunguza: unaondoa jiwe au mti mpaka umbo libaki. Sanamu hii ni ya shaba, kwa hiyo haikuchongwa bali ilisubiwa. Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu. Ndugu zetu wa Tabaka, basi, huchonga, hawasubu. Msichanganye katika insha!

Kwa nini fundi apewe heshima hiyo? Katika karne ya 20 sehemu kubwa ya nguo za Wamarekani zilishonwa mtaa huo, na washonaji wengi walikuwa wahamiaji, hasa Wayahudi na Waitaliano. Baadaye viwanda vingi vilihama kufuata vibarua wa bei nafuu ng'ambo. Mafundi wakapungua, mzee wa shaba akabaki. Karibu naye iliwekwa mwaka 1996 sindano kubwa ajabu iliyopenya kitufe, nayo ikabadilishwa kwa mpya mwaka 2023. Watalii hupiga picha hapo sana. Kwa maoni yangu kitufe hicho ni tangazo zuri tu la mtaa. Fundi ndiye anayefaa kusomwa.

Hata hivyo, tumsome kwa makini. Yeye ni mwanamume, na yuko peke yake. Tarehe 25 Machi 1911 moto uliteketeza kiwanda cha mashati cha Triangle, katika mji huohuo, wakafa watu 146. Wengi walikuwa wasichana wahamiaji, baadhi wa rika letu kabisa, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Majina yao yaliwekwa kwenye kumbukumbu rasmi mahali hapo mwaka 2023, miaka 112 baadaye. Kwa hiyo ukiona sanamu, usiulize tu ni nani huyu. Uliza pia ni nani hayupo.

Sasa turudi nyumbani. Jiwe tunalo. Ndege wa Amani, kazi ya Elkana Ong'esa wa Tabaka, yuko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Kule Tabaka wanaume huchimba na kuchonga, na kina mama husugua kwa msasa na maji hadi jiwe ling'ae, lakini mnunuzi huuliza aliyechonga tu. Biashara ya nguo pia tunayo: siku ya soko pale Daraja Mbili, mtumba ukifunguliwa, wa kwanza huchagua "kamera", yaani nguo bora, na wa mwisho huambulia "fagia". Kando yao fundi anapunguza suruali iliyotoka Ulaya imtoshe kijana wa Mosocho.

Tuseme tungetaka kumwekea sanamu. Mimi ningeiweka Keroka, na ningemchonga mama, mashine ya kukanyaga mbele yake, mtumba umefunguliwa miguuni. Shida ni kwamba jiwe letu ni laini, kisu tu hulikwaruza, na vijana wa stendi hawatakosa kuandika majina yao. Itabidi ainuliwe juu kidogo. Na kwa kuwa Keroka nusu ni ya Kaunti ya Kisii na nusu ya Nyamira, mjadala wa chama uanzie hapo: mama huyu aelekeze uso wake upande gani?