Baruti ya jirani: Uislamu unasemaje juu ya machimbo ya mawe?

Ndugu msomaji, Lugoba, mkoani Pwani, ni moja ya sehemu zinazoilisha Dar es Salaam kokoto. Hakuna anayeharamisha kupasua mwamba. Allah (s.w.) ametuwekea ardhi tuitumie, na vijana wengi wa vijijini wanapata riziki yao hapo. Suali ni hili: baruti inapolipuka, ukuta wa mwanakijiji ukapata nyufa na vumbi likaingia mtungini, haki ya nani itangulie?

Katika Arbaini ya Imam Nawawi, hadithi ya 32, Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumdhuru mwenziwe, na amekataza pia kulipizana madhara. Hapo wanazuoni wakachukua kanuni kwamba madhara ni lazima yaondolewe. Majalla, mkusanyiko wa sheria uliotungwa katika dola ya Uthmaniya baina ya 1869 na 1876, inatoa mfano: mtu akijenga karakana ya mhunzi ubavuni mwa nyumba ya jirani, na mapigo ya nyundo yakaidhoofisha nyumba ile, madhara hayo yataondolewa. Ikiwa nyundo ya mhunzi imehesabiwa, itakuwaje baruti?

Vumbi nalo si jambo dogo. Vumbi la mawe yenye silika hutia makovu kwenye mapafu. Maradhi hayo, silikosisi, hayana tiba ya kuyaponya, na humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Kumwagia maji mawe yanaposagwa hupunguza vumbi. Mwenye mtambo asiyefanya hivyo ameokoa fedha yake kwa pumzi za watu.

Sheria ya nchi pia haikunyamaza. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka idhini ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kuchimba ndani ya mita 200 za nyumba yake. Ni wangapi wetu wanaolijua hili?

Basi tufanye nini? Kwanza, uongozi wa kijiji upite nyumba kwa nyumba kabla ya baruti kupigwa, uandike na kupiga picha hali ya kuta, ili ufa mpya ujulikane. Pili, madai yatolewe kwenye mkutano mkuu wa kijiji na yaingie katika muhtasari. Tatu, vijana wasichome mtambo wala kufunga barabara, kwani hadithi ile ile imekataza kulipizana.

Na la mwisho, linalotugusa sisi wa misikitini. Mwenye machimbo akituletea lori la kokoto za kujengea msikiti, tumshukuru. Lakini lori lile lisitufunge midomo. Sadaka hailipi ukuta wa mjane; haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Imamu anayenyamaza kwa ajili ya kokoto, atamjibu nini mjane huyo Siku ya Kiyama?

Wallahu a'lam.