Mswaki Peke Yake Hautoshi



Miongoni mwa maswali tunayoulizwa na ndugu wanaojifunza mafundisho ya Islam ni hili: "Ikiwa Mtume Muhammad s.a.w. aliusia mswaki, nami napiga mswaki kila siku, ya nini tena kwenda kwa daktari kusafishwa meno?" Swali hili lastahili jibu kamili, maana wako wengi waliopoteza meno wakiwa bado na nguvu zao, hali mswaki hawakuuacha.

Kwanza tutambue heshima ya mswaki. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume s.a.w. alitamani kuuamrisha kwa kila Sala, ila alichelea kuutia umma wake mashakani. Hata katika maradhi yake ya mwisho aliutumia. Basi mtu asidhani kuwa daktari atashika mahali pa mswaki. Lakini Mtume huyo huyo s.a.w. alituhimiza pia kutafuta matibabu. Anayeshika usia mmoja asiuache wa pili.

Sasa tutazame kazi ya mswaki inakoma wapi. Kila siku utando laini wa vijidudu hujijenga juu ya meno. Huo ndio ukoga. Ungali laini, mswaki huuondoa. Ukiachwa, madini ya chokaa yaliyomo katika mate huingia ndani yake, na baada ya siku chache tu huanza kuwa mgumu. Hapo umekuwa ugaga, nao hushikamana na jino kama magamba meupe yashikavyo ndani ya birika la maji ya chumvi. Je, birika hilo hutakata kwa kusuzwa tu? Ugaga hupenda kukaa nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu, kwa kuwa hapo ndipo mifereji ya mate inapofunguka. Kuusugua kwa nguvu hakuubandui, bali hudhuru ufizi.

Juu ya ugaga hushika ukoga mpya, na ukoga huo huufanya ufizi uvimbe na kutoka damu. Ugonjwa ukiendelea, mfupa unaoshika jino huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu, hata jino likalegea. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe. Kwa hiyo anayengoja maumivu huenda akachelewa.

Mambo haya yamejaribiwa. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, mjini Aarhus, Denmark, walitangaza habari za watu 12 wenye fizi nzima walioacha kusafisha meno. Kabla ya majuma matatu kwisha, fizi za wote zilikuwa zimevimba. Walipoanza tena kusafisha, zikapona. Na huko Karlstad, Sweden, Per Axelsson na Jan Lindhe walianza katika miaka ya 1971 na 1972 kufuatilia makundi mawili ya watu wazima. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida mara moja kwa mwaka. La pili liliitwa kila miezi 2, baadaye kila miezi 3, likafundishwa kupiga mswaki sawasawa na kusafishwa na mtaalamu. Baada ya miaka 6 kundi la kwanza lilikuwa na meno mabovu mapya na fizi zilizozidi kuachana na meno. Katika kundi la pili hayo yalikuwa nadra. Angalia kwamba funzo la mswaki na mkono wa mtaalamu vilikwenda pamoja.

Hata hivyo haifuati kwamba kila mtu asafishwe kila miezi 6. Uchunguzi uliokusanywa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kwa watu wazima wasio na ugonjwa mkubwa wa ufizi, ratiba hiyo haikuleta tofauti kubwa katika uvimbe wa fizi kwa miaka 2 au 3. Basi daktari akupime na kuamua. Mvuta tumbaku, mwenye kisukari na anayetokwa damu wana haja zaidi.

Nilipokuwa mwanafunzi chuoni, nchi ya mbali, ufizi wangu ulitoka damu. Nikafanya kosa la wengi: nikaacha kupasugua pale palipotoka damu. Daktari alinipa kioo nikaona ugaga. Baada ya kukwanguliwa niliona nafasi baina ya meno, nikadhani ameyaharibu. Akanieleza kwa upole kwamba nafasi hiyo aliifanya ugonjwa, na ugaga uliificha tu. Damu ilikoma baada ya siku chache.

Basi, ndugu yangu, piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, safisha na baina ya meno, wala damu isikutishe ukaacha. Kisha mwendee daktari ungali na meno ya kuhifadhi. Mwenyezi Mungu atujalie kuitunza amana ya miili yetu. Amin.