Deni la mikono: somo kutoka kijiji cha nyumba za majani



Katika safari yetu ya masomo huko Japani tulifika Ogimachi, katika milima ya Shirakawa. Nyumba za wakulima kule zimeezekwa kwa majani, kama zile za wababu wetu, lakini ni kubwa sana. Paa imesimama karibu digri 60 ili theluji iteleze. Zamani, juu chini ya paa, walifuga viwavi wa hariri. Moshi wa jiko ulikausha majani na kufukuza wadudu.

Tukajiuliza: paa kubwa hivi, nani anaiezeka? Familia moja haiwezi. Kila miaka 30 ao 40, watu zaidi ya 100 walipanda pamoja, wakabadilisha upande mzima kwa siku moja, bila malipo. Desturi hiyo inaitwa yui. Leo mafundi wa kulipwa wanafanya sehemu kubwa, lakini yui haijakufa.

Siri yake ni daftari. Waliandika nani alikuja, nani alileta kamba ao majani. Zamu ya mwenzako ikifika, unarudisha sawa vile ulipokea. Deni ni la nyumba, si la mtu mmoja.

Sasa tuseme ukweli. Msimu uliopita, katika kundi moja tunalosindikiza, wanamemba 12 walipatana kulimiana. Mashamba saba yalilimwa vizuri. Mvua ilipoanza, kila mtu akakimbilia kwake. Mama mjane, wa mwisho kwa liste, alikuwa amelimia wote saba. Lake alilima peke yake na watoto, maharagwe yakachelewa. Kwenye mkutano kila mtu alisema: «Mimi nilifika.» Hakukuwa na karatasi. Hata sisi maagronome hatukuwaza kuandika.

Basi, mbele ya kulima:

1. Andikeni zamu zote. Wenye nguvu kidogo watangulie.
2. Kila jioni, andikeni nani amefika. Siku ya jembe inalipwa kwa siku ya jembe.
3. Asiyeweza kuja atume mtu, ao alipe siku ingine mbele ya zamu ya mwisho.
4. Someni daftari kwa sauti katika kila mkutano.

Daftari moja na kalamu vinatosha. Kundi lile limekubali: mwezi wa tisa wataanza na shamba la yule mama. Ukurasa wa kwanza una jina lake, na mbele yake siku saba anazodai.