Je, balsa itastawi Samuye?

*Nina ekari mbili hapa Samuye. Nimesikia mti wa balsa hukua upesi na mbao zake zina soko nje. Niupande badala ya pamba?*
*Mkulima, Samuye*

Ndugu yangu, hamu ya kupata mti wa haraka naielewa, na ulichosikia ni kweli. Kwao Ecuador balsa huvunwa baada ya miaka 5 hadi 7, na mbao zake nyepesi hujaziwa ndani ya mapangaboi ya mitambo ya umeme wa upepo. Lakini huo ni mti wa misitu ya mvua, unaotaka milimita 1,500 kwa mwaka au zaidi. Mkoa wenu wa Shinyanga hupata karibu nusu yake, na kiangazi chenu kirefu kitaua miche. Hata ukivuna, gogo bichi hujaa maji. Lisipokaushwa mapema kwenye tanuri, huoza.

Pamba usiing'oe. Tenga kipande kiwe ngitili, yaani hifadhi ya malisho na miti, kama wazee wa Kisukuma walivyofanya, na kama mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza 1986 ulivyohimiza, au panda mijohoro mpakani upate nguzo na kuni. Akija mtu kukuuzia miche ya balsa, usilipe kabla hujamwona ofisa misitu wa wilaya.